Jioni Niliyomwekea Papa Kiti

Wiki iliyopita niliunguza kålrot. Niliiweka jikoni, nikapigiwa simu na dada mmoja wa kanisani, na dada zetu wa kanisani mnawajua, hawana simu ya dakika mbili. Nilipogeuka maji yalikuwa yamekauka, vipande vimeshika sufuria, na harufu imeenea nyumba nzima, tamu kidogo na chungu kidogo. Wanangu walifungua madirisha huku wakinilalamikia kwa Kiswidi. Mimi nilivuta kiti nikakaa, na machozi yakanitoka bila kuniuliza.

Kwa msioijua, kålrot ni ule mzizi mnene, ngozi ya zambarau, nyama ya manjano, ambao Waswidi huuponda pamoja na viazi. Shuleni tulikuwa tunapewa, tunausukuma pembeni ya sahani. Sikuwahi kuupenda. Lakini nilipokuwa na miaka tisa niliwahi kuuchonga mmoja kwa kijiko na kisu butu, na kilichotokea baada ya hapo sijawahi kukiandika mpaka leo.

Tuliishi Rissne, kitongoji cha nje ya mji, ghorofa ya tatu, mama na mimi tu. Papa, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, hakuwapo. Nilijua kwamba tulipoikimbia Bukavu yeye alirudi nyuma kuchukua vyeti, watu wakawa wengi barabarani, tukapotezana. Hivyo ndivyo mama alivyonisimulia tangu kambini Uganda, na hivyo ndivyo mimi nilivyowasimulia Waswidi, kwa sababu ni mimi niliyekuwa mdomo wake. Mliokuja mkiwa watoto mnakumbuka jinsi tulivyokuwa. Barua ikija, mtoto anaifungua. Simu ikilia, mtoto anapokea. Daktari akiuliza mama anaumwa wapi, mtoto anaona haya halafu anasema. Kila palipokuwa na fomu yenye nafasi ya mume, mama aliniangalia kidogo, kisha akasema maneno yale yale, nami nikayageuza: "Mume wangu alipotea vitani. Tunamngoja." Nilijua kuyasema hayo kwa Kiswidi kabla sijajua neno la mkasi.

Kanisani wanawake walikuwa na neno lingine. Tulikuwa tunasali Kiswahili siku ya Jumapili mchana katika ukumbi wa kukodi, Wakongo wengi, Warundi kidogo, na baada ya ibada kulikuwa na chai na mandazi. Siku moja niliingia jikoni kuchukua kikombe, nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Ule mujane wa Rissne anajidanganya. Bwana yake alikufa zamani." Waliponiona wakaanza kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Sikumwambia mama. Nilibeba neno lile wiki nzima kama kokoto kwenye kiatu. Nilitaka kujua jambo moja tu duniani: papa ni mzima au amekufa. Na sikuwa na wa kumuuliza, maana mtu pekee aliyejua lolote alikuwa mama, na mama akiulizwa habari za papa alikuwa anakumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanika.

Ndipo ikaja likizo ya vuli. Watoto wenye jamaa mashambani walikwenda kwao, sisi wengine tukabaki fritids, ile sehemu ya shule wanapokaa watoto wakati wazazi wako kazini. Tulikuwa kama saba hivi. Aliyetuangalia alikuwa Brendan, mtu wa Ayalandi, ndevu nyekundu, Kiswidi chake kikiwa na mwendo wa ajabu ambao ulitufanya tumpende, kwa kuwa hata sisi wazazi wetu walichekwa kwa namna wanavyosema. Ilikuwa ile siku ya mwisho ya Oktoba ambayo watoto huvaa vinyago na kuomba peremende milangoni, na wenzangu walitaka maboga ya kuchonga kama yale yaliyojaa madukani, ya rangi ya chungwa, na vinyago vya plastiki. Brendan akaingia na mfuko wa kålrot.

"Maboga ni mambo ya juzi," alisema. "Kwetu walichonga hizi."

Halafu akatueleza, huku anakwangua. Alisema watu wa kale wa kwao, waliokuwa wafugaji, walihesabu kwamba mwaka unakufa siku ile. Ng'ombe waliteremshwa kutoka malisho ya milimani, wale ambao hawataweza baridi wakachinjwa, na moto ukazimwa katika kila nyumba. Kisha ukawashwa moto mmoja mkubwa kilimani, na kila mtu akaja kuchukua kaa la kuwashia jiko lake. Sikukuu hiyo waliiita Samhain. Na kati ya moto kuzimwa na moto kuwashwa, alisema, wale waliokufa walikuwa na ruhusa ya kurudi nyumbani. Si kutisha watu. Kurudi tu, kuota moto, kuonja chakula, kuwaona watoto wamekuwa vipi.

"Bibi yangu alikuwa Mkristo safi kabisa," alisema, "lakini jioni hiyo alikuwa haweki komeo mlangoni. Aliweka kiti karibu na moto, na chakula, na taa dirishani. Babu alikuwa amekufa miaka ishirini."

"Alikuja?" niliuliza.

Brendan aliacha kukwangua. "Bibi alisema alikuja kila mwaka."

Wenzangu walikwisha kuanza kurushiana maganda. Mimi nilikuwa na swali lingine. Nilimuuliza wafu wanaijuaje nyumba ikiwa watu wamehama, wamekwenda hata nchi nyingine. Naye, ambaye nadhani alifikiri ninauliza habari za bibi yangu mimi, akanijibu polepole kwamba watu wa kwao nao walihama sana, walivuka bahari kwa maelfu, na mama zao waliwasha taa hivyo hivyo. "Waliokufa hawafuati anwani," alisema. "Wanafuata wanaowapenda."

Mtoto wa miaka tisa akipewa maneno kama hayo, anayashika kama sheria. Nilipiga hesabu yangu palepale mezani, mikono imelowa utomvu. Waliokufa wote wana ruhusa ya kuja jioni hiyo. Aliyekufa, akiwekewa kila kitu, hawezi kukosa kuja kwa mtoto wake. Basi kama nitaweka kila kitu, taa, kiti, chakula na mlango wazi, na papa asije, papa ni mzima. Nilishangaa kwamba watu wazima hawakuwa wamelifikiria jambo rahisi namna hiyo. Ofisi ile ya kutafuta watu waliopotezana vitani ilikuwa imetuandikia barua tatu, zote za kusema bado. Mimi nitajua kwa jioni moja.

Niliificha kålrot yangu ndani ya koti nikarudi nyumbani, kwa maana mchungaji alikuwa amekwisha kutuonya. Alisema siku hiyo ni ya mashetani, na mama akaniambia nisishike hata kinyago. Sikuona kwamba namvunjia amri. Sikuwa nacheza. Mchezo ulikuwa wa wale wenye vinyago.

Mama alikuwa anasafisha ofisi mjini, zamu yake ikiisha jioni, anafika nyumbani saa moja. Saa kumi na nusu giza lilikuwa linaingia. Niliwasha mshumaa ndani ya kålrot nikaiweka dirishani, ikaanza kuungua kifuniko chake na kutoa ile harufu. Nilipasha moto bugali wa jana na sombe, yale majani ya muhogo, nikaongeza sambaza wawili wakavu, samaki wadogo wa ziwa la kwetu, waliokuwa wamefichwa kwa ajili ya Jumapili, maana nilikuwa nimesikia papa alipenda sambaza. Sikutaka jaribio langu liwe na kasoro. Kama nitaweka chakula kibaya na asije, nitajuaje ni kwa sababu ni mzima au ni kwa sababu ya chakula? Nilivuta kiti. Niliweka bakuli la maji ya kunawa, kama anavyowekewa baba. Kisha nikafungua mlango ambao mama alikuwa anaufunga mara mbili kila siku ya Mungu, nikaurudishia tu.

Halafu nikapiga magoti kando ya meza nikaomba. "Papa, usije. Tafadhali, papa, usije." Niliyaweka yote ya kumwita, na nikaomba kwa nguvu zangu zote asiitike. Niliangalia saa ya jiko. Saa kumi na moja hakuja. Saa kumi na moja na nusu hakuja. Saa kumi na mbili niliona kwa mbali furaha inaanza, nikawaza namna nitakavyomwambia mama. Nilifikiri pia kile kitakachofuata, kwamba papa akiwa mzima basi ni suala la fomu tu, na fomu nazijua.

Saa kumi na mbili na robo mlango ulisukumwa, na sauti ya mwanamume ikasema kwa Kiswahili, "Hodi. Iko mtu?"

Sijawahi kuogopa hivyo tena, hata siku za kujifungua. Katika jengo lile hakuna aliyebisha kwa Kiswahili. Waswidi walipiga kengele. Wanawake wa kanisani walipiga simu kwanza. Niliingia chini ya meza, nikaona miguu mirefu ya mwanamume imesimama kwenye kizingiti, viatu vyeusi vya ngozi, nikajua kwamba papa amekufa. Nilipiga kelele, nikimwambia arudi. "Rudi, papa, rudi ulikotoka!" Nilikuwa nadhani kwamba akirudi haraka, kabla ya kukaa, kabla ya kugusa chakula, itakuwa bado.

Alikuwa Baba Apio wa ghorofa ya tano, Mganda, dereva wa basi. Alikuwa amewatembeza binti zake wawili wadogo milangoni kuomba peremende, mmoja amejifanya paka, mmoja sijui nini, na kwa kuwa alikuwa amewahi kumsikia mama akizungumza kwenye lifti, akaona atusalimu kwa lugha yetu. Aliwapeleka watoto juu, akarudi. Hakuingia ndani, kwa kuwa ni nyumba ya mwanamke asiye na mume karibu. Aliketi kwenye ngazi, mlango wazi, akawa ananisemesha kwa Kiswahili chake cha Uganda mpaka mama alipofika. "Mimi si papa yako. Mimi nakaa hapa juu. Wewe nalia tu, si kitu."

Mama alipanda ngazi na kofia yake ya baridi kichwani na mifuko mikononi. Baba Apio alisimama akamwambia, "Mama, pole. Mtoto iko chini ya meza. Yeye nafikiri mimi ni mtu alikufa." Mama akamshukuru, naye akaenda zake. Nilimsikia mama akifunga mlango mara mbili. Kisha hatua zake zikakoma karibu na meza. Nadhani alikuwa anaangalia kiti, sahani, bakuli la kunawa, na ile taa dirishani iliyokuwa inafuka moshi. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa na Mwayalandi sahani ya namna hiyo ni ya nani.

Aliipuliza ile taa ikazimika. "Nani alikuambia papa yako alikufa?"

"Hakuna mtu," nilisema kutoka chini. Nilimwambia yote, nusu Kiswidi, nusu Kiswahili, habari za ng'ombe na moto na bibi wa Brendan, na kwamba nilimwekea kiti ili asije, ili nijue kwamba ni mzima. Nilimwambia na maneno ya jikoni kanisani.

Nilitegemea kofi. Mama aliinama akaniangalia pale chini, uso wake ukiwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona kwake, naye akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeomba:

"Na alikuya?"

"Hapana. Alikuja Baba Apio."

Mama aliketi sakafuni na koti lake. Alivua kofia yake akaiweka magotini. Kisha akasema, "Papa yako alikufa. Alikufa kweli. Mimi najua tangu mwanzo."

Nilimuuliza kwa nini basi tulikuwa tunawaambia watu kwamba tunamngoja. Nilikuwa na hasira, na ninaikumbuka ilivyokuwa, hasira ya mtu aliyefanyishwa kazi ya uongo muda wote ule. Mama alinijibu, "Ningesema je? Kila neno yangu inapita mu kinywa yako. Ningekutuma wewe useme kwa Kiswidi kama papa yako alikufa?"

Hatukula usiku ule. Mama alikitia kile chakula kwenye sanduku la barafu, na mimi nikaenda kulala nikiwa na hesabu mpya kichwani. Maana hesabu ya mtoto haikai bure. Mpaka saa kumi na mbili, papa alikuwa anangojwa. Saa kumi na mbili na robo niliita, na baada ya hapo alikuwa amekufa. Kwa hiyo ni mimi. Nilimwekea sahani ya wafu naye akawa mfu. Nililala na hilo siku tatu, nisimwambie mtu, nikiogopa hata kumwangalia Brendan.

Siku hizi nimesoma habari za ile Samhain, mambo ya vilima na mioto, na jinsi kanisa lilivyoweka sikukuu ya watakatifu wote karibu na hapo hapo, na jinsi Waayalandi walivyoibeba ng'ambo ikarudi Ulaya ikiwa imevaa boga. Wanangu hutembea milangoni huku Tumba tunakoishi sasa, na ndoo zao za plastiki, nami huwaacha, na mchungaji wetu wa sasa hujifanya haoni. Lakini nikiwaona Waswidi, ambao mwaka mzima hawataki kuzungumzia kifo hata kwa dakika, wakibeba mishumaa yao makaburini Jumamosi ile ya kuanza Novemba, huwa naona watu wale wale wa ng'ombe na moto. Kila mtu anachukua kaa lake. Mama yangu, aliyelelewa Mkatoliki kabla ya kuokoka, aliwahi kwenda kufyeka makaburi ya babu zake siku hizo hizo akiwa msichana. Alilijua hilo bila kusoma.

Jumamosi ya wiki ile mama hakwenda kazini. Alininyoosha nywele, akanivalisha gauni la kanisani juu ya suruali ya baridi, akanunua mishumaa miwili ya makaburini dukani, tukatembea mpaka makaburini. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyepaza sauti. Makaburi yote yalikuwa yanawaka. Kulikuwa na sehemu ya nyasi, chini ya misonobari, isiyo na mawe wala majina, ambapo mtu anaweza kumwashia mshumaa yeyote aliyezikwa kwingine, au ambaye hakuzikwa. Sijui mama alipajuaje. Pengine alipaona kutoka dirisha la basi, miaka yote ile, akapita.

Aliwasha mmoja, akanipa nami niwashe wangu. Alitaja jina lote la papa, mpaka la babu yake. Alipofika mwisho wa majina, nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema kamwe. Nikamuuliza kwa Kiswidi, kwa kuwa kwa lugha ya nyumbani nisingethubutu, "Ni mimi niliyemfanya afe?"

Alielewa. Kiswidi chake kilikuwa kizuri kuliko nilivyodhani. Alinigeuza nimtazame.

"Apana. Sikiliza. Papa hakurudi kuchukua vyeti. Alikuwa mbele yetu, hatua kumi. Nilimuona akianguka. Wewe ulikuwa mu mugongo yangu, ulikuwa na miaka ine, unalala. Nilisema mu roho, nikilia huyu ataamuka, ataona. Sikulia. Nilimupita, nikaendelea."

Nilimuuliza kama niliamka.

"Apana. Ulilala mpaka kule ngambo ya mupaka."

Kisha mama akafungua kinywa akalia, kwa sauti yote, mikono kichwani, kama wanavyolia wanawake wa kwetu maiti inapotolewa katika nyumba. Waswidi waliokuwa karibu walisimama na mishumaa yao, hawajui wafanye nini. Aliita jina la papa mara nyingi. Nilimshika koti, nami sikuondoa macho yangu kwake. Safari hii nilikuwa nimeamka.